Baba Yangu na Simba Aliyeitwa Shosho

Siku tulipomzika baba, Agosti mwaka wa 2006, mimi sikulia. Nilisimama karibu na sufuria za chakula nikitazama sahani za watu. Mjomba alinishika bega akaniambia, "Waithera, keti chini, wapishi wako." Sikuketi. Nilitaka kujua nani atachukua nyama na nani ataomba kabeji peke yake.

Niliwaona wanne walioikataa nyama. Mmoja alikuwa mama wa kanisa letu, aliyeimba pale kaburini mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Alipofika mbele ya mpishi alifunika sahani yake kwa kiganja. "Mimi nyama inanisumbua tumbo," alisema. Nilimtazama mpaka akaangalia pembeni. Kwenye arusi ya mwanawe, mwaka uliotangulia, mimi ndiye niliyempakulia mbavu, na alirudi mara ya pili.

Mungu anisamehe kwa kuhesabu sahani siku ya kumzika baba yangu. Lakini mtu aliyeishi na minong'ono miaka mingi hawezi kuacha kutazama. Na yule mama siwezi kumhukumu, kwa sababu mtu wa kwanza kukataa nyama ya baba chini ya paa letu wenyewe nilikuwa mimi.

Jina lake lilikuwa Hiram. Alizaliwa upande wa Murang'a na akaja Kitengela mwaka wa 1979 kuchonga mawe kwenye machimbo. Huko aliacha vidole viwili vya mkono wa kushoto, chini ya jiwe lililoteleza. Alipopona, mzee mmoja aliyeitwa Gakuru alimwandika kazi kwenye bustani yake ya burudani, kando ya barabara ya Namanga. Bustani hiyo iliitwa Bustani ya Furaha.

Ilikuwa mahali padogo, usidhani ni kitu kikubwa. Palikuwa na farasi wanane wa chuma waliozunguka juu ya sahani ya mbao, wakiendeshwa na injini iliyokuwa zamani ya posho mili, ya kusaga unga. Palikuwa na bembea sita, na treni ya mabehewa matatu iliyovutwa na trekta. Nyuma ya hayo, ng'ambo ya ua wa michongoma, palikuwa na wanyama: mbuni wawili, tumbili, kobe, na simba jike mmoja ambaye Gakuru alimpata kwa mzungu aliyekuwa akihama nchi, pamoja na karatasi zake zote za kibali. Watoto walimwita simba huyo Shosho, yaani nyanya, kwa sababu alikuwa na ndevu kidevuni kama bibi mzee.

Familia zilikuja Jumapili baada ya ibada, kutoka Athi River, Kajiado, hata Nairobi. Baba alikuwa na kazi mbili. Kila siku alilisha wanyama. Jumamosi na Jumapili alisimamia farasi wa chuma. Aliwapandisha watoto mmoja mmoja, akawafunga mishipi, kisha akavua kofia na kuinamisha kichwa kidogo kabla ya kuwasha injini. Alikuwa akiomba asianguke mtoto yeyote. Lakini miaka ile watu walizungumza sana habari za waabudu shetani, na hata kofia ya baba ilisemwa. "Anamwomba nani yule," mama mmoja aliuliza sokoni, "mbele ya farasi wa chuma?"

Tulicheka nyumbani. Baba alicheka kuliko sisi sote.

Hatukucheka tena baada ya mvua kubwa za El Niño. Mvua zile zilipokwisha, mwanzo wa mwaka wa 1998, punda wengi wa kubeba maji na mawe walikuwa wamevunjika miguu kwenye matope. Musila, Mkamba aliyekuwa na mkokoteni wa maji mtaani kwetu, alipewa na Gakuru kazi ya kuleta punda ambao wenyewe walikuwa wamekata tamaa nao. Daktari wa mifugo aliwatazama kwanza. Halafu baba aliwachinja nyuma ya ua, kwa ajili ya simba. Hilo lilijulikana, na halikuwa siri. Simba hali ugali.

Lililozua maneno ni jinsi alivyokata nyama. Siku moja mama mmoja alikuwa akiokota kuni karibu na ua. Alimwona baba ameinama juu ya gogo na panga, anakata nyama vipande vidogo, vya saizi ya kidole gumba, na kuvijaza kwenye karai safi. Mama huyo aliacha kuni zake pale pale.

"Simba gani anakatiwa nyama kama ya pilau?" aliuliza kila mtu aliyekutana naye. Na kila mtu alipata jibu lake mwenyewe.

Ndani ya wiki mbili mji wote ulikuwa ukijua kwamba Hiram wa Bustani ya Furaha anawauzia watu nyama ya punda. Wengine walisema inapelekwa kwenye vibanda vya machimbo. Wengine walisema inaenda hotelini Namanga. Buchari zilikaa na nyama mpaka jioni. Wanawake walinunua maharagwe.

Baba hakujibu. Aliulizwa na mama, nikiwa nimeketi hapo hapo nikichambua mchele.

"Baba Waithera, kwa nini unaikata hivyo?"

"Ndiyo kazi niliyopewa."

"Simba anahitaji kukatiwa?"

"Huyu anahitaji."

"Kwa nini?"

Baba alichukua Biblia yake akatoka nje kukaa juani. Mama alinitazama, na mimi nikatazama mchele.

Tangu hapo nilianza kumchunguza. Nasema ukweli kwa sababu sasa hana wa kumsemea. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeokoka, naimba kwaya, na nilidhani Roho Mtakatifu ndiye anayenifumbua macho. Alipoingia nyumbani nilinusa koti lake. Nilifungua mfuko wake wa kazi nikaona kisu, kitambaa, na chupa ya chai. Niliangalia viatu vyake vya mpira kama vina damu, na vilikuwa nayo, na nikajua kwamba lazima viwe nayo, na bado nikaviangalia tena.

Kanisani, tulipofungua jengo la shule ya Jumapili, baba alikwenda nyuma kama kawaida yake kuchoma nyama. Miaka yote yeye ndiye aliyechoma. Safari hii mzee mmoja alimwondolea panga mkononi kwa upole. "Pumzika, Hiram. Wacha vijana wajifunze." Baba alipumzika kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Alikula kila alichopewa. Nilimwona.

Halafu nikapata jino.

Ilikuwa siku ya kufua. Katika mfuko wa ndani wa koti lake niliona kitu kigumu kimefungwa kwa karatasi ya kaki. Nilipokifungua lilikuwa jino refu kama kidole changu cha kati, la manjano, limechakaa ncha. Sikuwaza simba hata kidogo. Nilikumbuka mahubiri yote ya waabudu shetani niliyowahi kusikia. Nilishika jino lile kwa ncha ya leso, nikakemea kwa jina la Yesu, nikaenda nalo chooni, nikalitumbukiza shimoni.

Jioni baba alipekua koti lake mara mbili. "Waithera, umeona kitu mfukoni?"

"Sijaona kitu, Baba."

Alipekua mara ya tatu. "Basi limeanguka njiani," alisema.

Mwaka uliofuata, Peterson alinichumbia. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, kwao ni Kware, upande wa Rongai, na baba yake alikuwa amefariki, hivyo mjomba wake Mzee Ngugi ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Ruracio, sherehe ya kuleta mahari, ilipangwa Jumamosi ya pili ya Aprili, 1999, nyumbani kwetu. Wiki mbili kabla, Peterson alikuja akiwa na uso mzito.

"Mjomba amesikia mambo," alisema.

"Mambo gani?"

"Unajua ni gani. Amesema atakuja, lakini nyama ya kwenu hataigusa."

Mtu wa kwetu anaelewa maana ya hilo. Wakwe wakija na wasile, hawajakuja. Wanaweza kunywa chai, wanaweza kuomba, wanaweza kucheka, lakini kama hawakula mbuzi wa baba yako, hakuna kilichofungwa. Sikulala vizuri majuma yale mawili. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilimpenda Peterson, na kati yangu naye palikuwa na karai la nyama ambayo baba yangu alikataa kuieleza.

Ijumaa ile baba alichinja mbuzi wanne aliowatoa Kajiado mwenyewe. Aliwachagua kwa mkono, akawalisha nyumbani siku tano, akawapa majina ya mitume. Usiku ule nyama ilining'inia stoo. Jumamosi alfajiri alikwenda kumlisha simba, maana simba hajui ruracio, akasema atarudi kabla ya saa nne. Mama alikuwa amekwenda kanisani kuazima viti.

Nilimwita Musila.

"Beba hizi zote," nilimwambia. "Zote, pamoja na vichwa na miguu. Peleka mahali."

"Mahali wapi, dada?"

"Popote. Kwa wachimba mawe."

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Hii ni nyama nzuri sana."

"Ndiyo maana. Peleka."

Alizifunika kwa magunia akaondoka nazo kwenye mkokoteni, punda wake akitikisa kichwa. Jirani zetu wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakiona. Sikujali. Saa mbili nyama nyingine ilifika, kutoka buchari ya Abdijabar, na baba aliporudi ilikuwa tayari motoni.

Abdijabar alikuwa Msomali aliyekuja Kitengela kutoka Garissa, na kufikia mwaka ule, katika mji wote, ndiye mchinjaji ambaye hakuna aliyethubutu kumshuku. Buchari yake ilikuwa imepakwa chokaa nyeupe, na nyama yake ilikuwa na muhuri wa mkaguzi, alama ya buluu kila paja. Nilikuwa nimemwambia kwamba baba ndiye aliyeniagiza. Nilifikiri, wakwe wakiona muhuri ule, watatulia.

Nilifikiria muhuri tu. Sikufikiria vichwa.

Wageni walifika saa sita, watu ishirini na watatu, na mbuzi wao kwenye pikapu. Waliimba langoni, wakafunguliwa, wakaketi chini ya turubai. Baba alikuwa amevaa suti yake ya kahawia. Abdijabar pia alikuwepo, kwa sababu baba alimwalika, na sikujua bado kwa nini wawili hao walikuwa wamekuwa marafiki.

Sahani kubwa ya nyama choma ililetwa mbele ya wazee. Mzee Ngugi hakunyoosha mkono. Alikuwa mtu mfupi, mwenye fimbo na maneno mengi.

"Hiram," alisema, "tumekuja na miguu mizuri, na umetupokea. Sasa tuletee mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mbuzi. Nataka kumwona uso. Sisi watu wa Kware hatuli mtu tusiyemfahamu."

Watu walicheka. Baba alicheka pia, kwa sauti, kama mtu aliyesubiri swali hilo mwaka mzima. Kwetu kichwa cha mbuzi wa ruracio ni cha wazee, na masikio hukatwa, wakapewa wasichana wa nyumba, ili wawe watu wa kusikia. Kichwa kikija mezani hakuna ubishi wa mnyama gani aliyechinjwa.

"Hilo tu?" alisema baba. "Waithera! Waambie wapishi walete vichwa. Vyote vinne, wazee wachague."

Nilikuwa nimesimama na jagi la maji ya kunawa. Nakumbuka uzito wake.

"Baba, vichwa... hakuna."

"Viko kwa karai la plastiki, stoo."

"Hakuna, Baba."

Wazee waliweka vikombe chini, mmoja baada ya mwingine.

"Mbuzi wanne wasio na vichwa," alisema Mzee Ngugi polepole. "Na huku Kitengela nasikia punda ndio wengi."

Vijana wawili wa upande wao waliguna kicheko. Mzee mwingine aliwakemea kwa jicho.

Baba alichukua pande la nyama, akaligeuza. Mtu aliyekata nyama miaka mingi anajua panga lake. Aliona mfupa ulivyopasuliwa, akaona alama ya buluu iliyobaki kwenye ngozi ya mafuta. Akaniangalia. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Nyama hii sikuikata mimi," alisema. "Ni ya Abdijabar, na muhuri wake ndio huu. Ni safi. Kuleni."

"Na yako iko wapi?"

"Haiko."

"Haiko imeenda wapi?"

"Mzee, nimesema haiko."

"Mtu akificha nyama yake, akaleta ya dukani," alisema Mzee Ngugi, "anajua kitu ambacho mgeni hajui."

Hapo Abdijabar alisimama. "Wazee wangu, mimi nimeona kazi ya huyu mtu kwa macho yangu, nimeona huyo simba—"

"Abdi," alisema baba. "Keti."

"Mzee Hiram, wacha niseme."

"Keti, ndugu yangu."

Abdijabar aliketi. Wageni walimaliza chai. Waliomba sala fupi. Kisha wakawapandisha mbuzi wao tena kwenye pikapu, na mbuzi wale walilia kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo. Peterson aligeuka mara moja langoni. Mjomba wake hakumngoja.

Baba alikusanya sahani yeye mwenyewe. Aliponifikia aliuliza, "Zililiwa?"

"Nini?"

"Mbuzi zangu. Zililiwa na watu, au zilitupwa?"

"Musila alizipeleka kwa wachimba mawe."

"Basi vizuri," alisema. "Wale watu hawali nyama mara nyingi." Akaendelea na sahani.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Abdijabar. Alikuwa akinoa kisu, na hakuacha kunoa.

"Wewe binti, uliniambia baba yako ndiye ametuma."

"Nilidanganya."

"Walahi nilijua siku ile, nilipoona uso wake. Sasa unataka nini?"

"Kujua ulichotaka kusema."

"Mwaka jana nilienda kwake na hasira. Watu walikuwa wamekataa nyama ya buchari zote, hata yangu, kwa sababu ya maneno juu yake. Nilifika nyuma ya ua bila kubisha, nimwone mwizi na mali yake. Nikaona nilichoona, nikaona haya." Aliangalia makali ya kisu. "Alinikataza kusema. Lakini wewe una macho. Leo hakuna wageni. Nenda, usipige hodi."

Nilikwenda kwa miguu. Vumbi jeupe la machimbo lilikuwa juu ya kila kitu, juu ya farasi wa chuma pia. Nilipita kando ya bembea, nikafika kwenye michongoma, nikachungulia.

Baba alikuwa amepiga magoti kwenye wavu wa banda, karai pembeni. Alikuwa akiingiza vipande vya nyama kwa mwiko mrefu, kimoja kimoja. Shosho alilala kifudifudi, amekonda mgongo, akikilamba kila kipande mpaka kikaingia. Alipopanua kinywa niliona. Hakuwa na jino hata moja. Ufizi wake ulikuwa wa waridi, laini, kama wa mtoto wa wiki mbili.

"Polepole, Shosho," baba alimwambia. "Polepole, hakuna anayekunyang'anya."

Nilielewa jino lile la manjano lilitoka wapi. Niliegemea michongoma, miiba ikanichoma, na baba akasikia.

"Umefuata nini huku?"

"Kwa nini hukusema? Neno moja tu, Baba! Hana meno. Ungesema hivyo."

"Gakuru aliniomba nisiseme. Watu wanakuja kuona simba mkali. Wakijua hana meno, bustani imekwisha, na mnyama huyu atapigwa risasi. Nikamwambia ndiyo."

"Hata mimi usiniambie? Hata Mama?"

"Ndiyo ikiwa na mlango wa nyuma, si ndiyo tena." Aliingiza kipande kingine. "Nilikuwa na jino lake la mwisho. Gakuru alisema nilitupe, mimi nikaliweka. Niliwaza, siku wazee wakinibana sana, nitaliweka tu mezani, na mdomo wangu nitaufunga. Wangeelewa. Lakini nililiangusha, sijui wapi."

Nilichomoa miiba mkononi.

Badala ya kukiri, nilifanya jambo lililokuwa rahisi kwangu, nikaenda kumkabili mtu mwingine. Gakuru alikuwa mbele, anapaka rangi jicho la farasi mmoja wa chuma.

"Mwachilie baba yangu neno lake," nilimwambia.

Hakuuliza neno gani. "Simba asiye na meno ni paka mkubwa, binti yangu. Nani atatoka Nairobi na watoto kuja kuona paka?"

"Baba anaitwa mlisha watu punda."

"Nimesikia."

"Ulisikia?"

Brashi ilisimama. "Hakuja kuniomba nimwachilie," alisema.

"Hawezi kukuomba. Angekuomba, angekuwa ameshaanza kulivunja. Mimi ndiye ninayeomba. Wakwe zangu wamerudi na mbuzi wao."

Alimaliza jicho lile, akarudi nyuma kulitazama. Lilikuwa limepinda kidogo. "Nitafikiria," alisema.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba hatafanya kitu. Nilimshuku Gakuru siku kumi na tatu mfululizo, na nilimwomba Mungu ampige kwa ugonjwa mdogo.

Jumapili ya pili kibao kipya kilisimama mbele ya banda, kwa mwandiko wa Gakuru mwenyewe: SHOSHO. MIAKA 22. HANA MENO. ATALISHWA SAA NANE NA BWANA HIRAM. MSIMRUSHIE MIFUPA.

Watu walijaa. Hakuna aliyedai kiingilio chake kirudishwe. Watoto waliacha farasi wa chuma wakapandishwa mabegani mwa baba zao kumwona simba akilishwa kwa mwiko kama bibi mgonjwa. Baba alivua kofia, akainamisha kichwa, akaanza. Siri aliyoibeba kwa jina lake zima haikuwa na haja ya kubebwa hata siku moja. Gakuru alisimama nyuma ya umati, na kwa mara ya kwanza nilimwona akikosa mahali pa kuweka mikono yake.

Nilikuwa nimempelekea Peterson habari. Alikuja na mjomba wake. Mzee Ngugi alitazama kuanzia kipande cha kwanza mpaka karai likaisha, mikono juu ya fimbo.

"Hiram," alisema, "huyu ndiye aliyekula punda wote wa Kitengela?"

"Huyu huyu."

"Na ufizi huo?"

"Na ufizi huo."

"Na wewe ukanyamaza, nikakutukana mbele ya watoto wako."

"Nilinyamaza."

Mzee Ngugi alikohoa. "Uko na kichwa kigumu kuliko cha hao mbuzi wako uliowaficha. Sasa tutapakia mbuzi mara ya pili. Unatuchosha sana, wewe mtu."

Walikuja mwezi wa sita. Safari hii baba alichinja mbele yao, chini ya mti wa mgunga, na Mzee Ngugi akashika miguu ya mbuzi. Kichwa kilipoiva kililetwa kwenye ubao, mzima, kikitoa mvuke. Baba alikata sikio la kwanza akanipa. Kisha akakata la pili. Mdogo wangu Nyambura alinyoosha mkono.

"Hilo ni langu, Baba!"

"Ngoja la mbuzi mwingine," alisema baba. "Huyu dada yako ana haja ya yote mawili."

Watu wote walicheka, Abdijabar kuliko wote, na mimi nikacheka. Nilikula masikio yote mawili mbele yake. Yalikuwa na gegedu ngumu, na nilitafuna muda mrefu, na muda ule wote nilikuwa nikipanga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba jino lile halikuanguka njiani. Nilitaka kumwambia lilipo.

Mzee Ngugi aliitisha supu. Baba akainuka kwenda kuitazama. Nikajiambia, kesho.

Baba aliishi miaka saba zaidi.